Mgeni: ni jina ao ni sifa?

Katika vijitabu vya mila kama hiki, makala juu ya ukarimu hazikosekani. Kila mara tunasoma namna babu zetu walivyompokea mgeni: maji ya kunawa, kiti, kuku wa kuchinjwa, hata kitanda cha mwenye nyumba. Ni vizuri, na ni kweli. Lakini karibu makala hizo zote zina kasoro moja, na nataka kuisema hapa bila kuzunguka. Zinamweleza mgeni kana kwamba ni mtu wa aina yake, sawa vile kuna fundi, kuna mvuvi, kuna mwalimu, halafu kuna mgeni. Hakuna inayouliza mgeni anaacha kuwa mgeni siku gani. Kosa hilo tunalidhania kuwa la mila, lakini linaanzia katika sarufi.

Tuanze na mambo madogo ya nyumbani. Kwetu huku Kongo ya mashariki na Katanga, mtu anaweza kusema: "Mudogo yangu ni mukubwa kunishinda," na hakuna atakayecheka. Neno "mudogo" pale ni jina. Linataja ndugu aliyezaliwa nyuma yangu, hata akiwa mrefu kama mlingoti. Neno "mukubwa" ni sifa. Linapima mwili wake. Geuza maneno: "Mukubwa yangu ni mudogo," nayo inaeleweka pia: ndugu aliyenitangulia ni mfupi ao mwembamba. Na mtu akiingia mbio kutangaza kwamba "bakubwa bamefika," watu wanapanga viti bila kuuliza kimo cha bakubwa hao. Mtoto wa miaka sita anasikia haya yote bila mwalimu.

Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo, yenye kusimama pahali pawili. Mgonjwa, mzee, mjinga, mjane, kipofu, maskini, tajiri. Tunasema "mtu mgonjwa," tunasema pia "mgonjwa" peke yake, na kitanda cha hospitali kinampokea. Tunasema "watu maskini" na "maskini wa mji huu." Laurent-Désiré Kabila aliposhika madaraka mwezi wa Mei 1997 alikuwa na miaka 57, na inchi nzima ilimwita Mzee. Pale neno lilikuwa jina, tena cheo. Hakuna aliyehesabu mvi zake. Lakini ukisema juu ya jirani "ni mzee sana, haoni tena vizuri," hapo umerudi kwenye sifa, na unahesabu mvi kweli kweli.

Namna gani kutambua neno limesimama upande gani? Walimu wana njia zao. Moja ni kuangalia kama neno linaweza kuwa na mwenyewe: mgonjwa wangu, mgeni wako, mudogo ya fulani. Hilo ni jina. Nyingine ni kuangalia kama neno linafuata kitu linachokieleza na kubadilika pamoja nacho. Kiswahili cha pwani kinafanya hivyo na "mgeni" pia: jambo geni, mambo mageni, kitu kigeni, inchi ngeni. Yaani si mtu peke yake awezaye kuwa mgeni. Jambo ambalo hujalizoea ni geni kwako, na kesho ukilizoea si geni tena.

Lakini njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haihitaji kitabu. Ongeza "sana" ao "kidogo." Mgonjwa sana, mgonjwa kidogo: inapita. Mzee sana, inapita. Mwalimu kidogo? Mvuvi sana? Haipiti, ila kwa mzaha. Sifa inapimika, inapanda na kushuka. Na kitu chenye kushuka kinaweza kufika chini kabisa na kwisha. Jina halishuki. Ama unalo, ama huna.

Sasa tulete neno letu. "Mimi ni mgeni hapa." Sentensi hii wasemaji wengi wa Kiswahili wanaijua, maana ndiyo unayoitumia njiani ukiuliza barabara. Na inakubali kupimwa: "Mimi ni mgeni kidogo hapa, nimefika mwaka jana." Mwenye kusema hivyo anajieleza kwa sifa. Anasema juu ya hali yake, tena hali ya pahali fulani na ya muda fulani: hapa, sasa. Kwao yeye si mgeni. Hata hapa, mwaka ujao, ugeni wake utakuwa umepungua. Lakini mwingine akimwonyesha kidole na kusema "huyu ni mgeni," neno ni lile lile, na hakuna "kidogo" wala "hapa" wala "sasa." Limekuwa jina. Mtu ameingia ndani ya neno na mlango umefungwa.

Wazee walijua hatari hii kuliko sisi tuliosoma. Methali yao tunaitaja kila siku: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makala za ukarimu nimeona mara nyingi inaelezwa kama onyo juu ya wavivu: usikae kwa watu kula bure. Maelezo hayo ni nusu tu, na kwa maoni yangu ni ile nusu ndogo. Jembe si adhabu. Mwenye kupewa jembe amepewa pia mahali pa kulima. Amehesabiwa kati ya mikono ya nyumba ile. Akilima atavuna, na akivuna ana neno la kusema juu ya mavuno. Methali inaweka tarehe. Inasema ugeni ni sifa yenye siku zake, na mwenye kuimaliza ni mwenyeji, kwa kitendo, si mgeni kwa kubembeleza.

Bibi-arusi ni mfano mzuri. Katika familia nyingi za kwetu, siku za kwanza hagusi jiko la mama mkwe wake. Anakaa, anapewa chakula, wanamtazama. Siku inafika anapewa chungu, ao jembe, ao mtungi wa maji, kufuatana na kabila. Mara nyingine na sherehe ndogo, mara nyingine kwa neno moja tu la mama mkwe. Toka siku ile si mgeni. Mambo ni wazi, na hakuna aliyehitaji mwanasheria.

Basi tuangalie miaka ishirini nyuma ya siku ile. Mume amekufa. Mwanamke amezaa watoto, amelima, amewazika wazazi wa mume wake, amejenga nyumba ile kwa biashara yake ya unga. Ndugu za marehemu wanakuja na wanasema: "Wewe uko mugeni huku. Rudi kwenu." Nimesikia maneno haya zaidi ya mara moja kwenye matanga, na wanaoyasema wanadhani wanasema kwa jina la mila. Mimi nakataa. Mila ilishampa chungu. Kwa mila, neno lile lilikuwa sifa, na sifa ile iliisha zamani. Wao wamelifukua na kulifanya jina, kusudi wachukue mabati na mashine ya kushonea. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya mwezi wa Julai 2016, inamweka mjane katika kundi la pili la warithi, na inamwachia matumizi ya nyumba waliyokaa na mume wake. Ni kweli watu wengi hawaijui. Lakini hata bila sheria ile, mwenye kusikiliza Kiswahili vizuri angeuliza tu: mugeni sana, ao mugeni kidogo? Na ndugu za marehemu wangekosa jibu.

Nasema hivi si kwa kuchezea maneno. Kuna jambo limetokea katika Kiswahili chetu cha Kongo ambalo linasaidia kosa hili. Masikioni mwangu, "-geni" imebaki kwa watu tu. Kitu kisichozoeleka hatukiiti tena kigeni kwa mtindo wa pwani, tunakiita "mupya" ao "ya inje." Jambo geni tunasema "mambo hatuyayajua." Tena sifa zetu nyingi zimeganda: nyumba muzuri, bintu muzuri, njia mubaya. Mimi si wa wale wanaolia kwamba Kiswahili chetu kimeharibika. Kimeishi maisha yake, na kinaeleza mambo ambayo cha pwani hakina haja nayo. Lakini bei ya kuganda kule ndiyo hii: sifa isiyobadilika tena pamoja na kitu inaanza kufanana na jina. Tulipokuwa na jambo geni na inchi ngeni, sikio lilikumbushwa kila siku kwamba ugeni unapita, kwani mambo yanazoeleka. Sasa wamebaki bageni peke yao, na bageni ni watu.

Halafu shule ilimalizia kazi. Sarufi tunajifunza kwa Kifaransa, na mtoto anapewa zoezi la kutenga maneno katika safu mbili, majina huku, sifa kule. Katika Kifaransa chenyewe "étranger" inasimama pahali pawili, lakini zoezi halina safu ya katikati. Mtoto analitafsiri neno moyoni mwake, anaona mtu, anaandika "mgeni" katika safu ya majina, na anapata alama zake. Maneno yetu mengi yanateseka hivyo, lakini kwa "mukubwa" hasara ni ndogo. Mtu anaweza kuishi vizuri huku akiitwa mukubwa.

Sipendi kuingia katika siasa kwenye kijitabu cha mila, lakini siwezi kuruka juu ya yale yaliyotupata. Mnamo mwaka 1992 na 1993, Katanga, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa pale. Baba ao babu zao waliletwa kwa kazi ya migodi ya Union Minière na ya reli. Walilala kwenye stesheni wakingojea treni ya kwenda mahali ambapo baadhi yao hawajapaona hata siku moja. Kwanza waliitwa bageni. Kisha wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mwenye kupenda sarufi aone kile kilichofanyika: kutoka ba- kwenda bi-. Kutoka ngeli ya watu kwenda ngeli ya vitu. Neno la kwanza lilipokubaliwa kuwa jina lisilo na mwisho, la pili halikukawia.

Kule Kivu ni sheria zenyewe zilizovutana. Ile ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Ile ya tarehe 29 Juni 1981 ikaufuta, ikarudi nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya tarehe 12 Novemba 2004 inachukua tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru. Mtu yule yule, katika kiti kile kile mbele ya nyumba yake, alikuwa mwenyeji, akawa mgeni, akaambiwa aandike barua. Sitasema hapa sheria ipi ilikuwa na haki. Kuna wenye kazi hiyo. Ninalosema ni kwamba sheria, hata iliyo mbaya, inajua kwamba lazima itafute tarehe, kama methali yetu inavyotafuta siku ya tatu. Hotuba ya kwenye kiwanja cha mpira haitafuti tarehe yoyote. Inasema tu "bageni," na watu wanapiga makofi.

Na wenyeji ni nani? Msiri alifika Katanga kutoka Unyamwezi kwa biashara ya shaba na pembe. Alipouawa Desemba 1891 alikuwa mfalme wa Bunkeya, na leo ukimwambia Muyeke kwamba yeye ni mgeni Katanga, jitayarishe kukimbia. Kiswahili chenyewe kilikuja na misafara ile ile ya karne ya 19, kikakua katika kambi za migodi kati ya watu ambao hakikuwa lugha ya mama zao. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakihesabu kati ya lugha nne za taifa, pamoja na kikongo, lingala na tshiluba. Sikumbuki mtu aliyekiita lugha ya kigeni, hata kati ya wale wanaoita wenzao wageni kwa Kiswahili.

Kuna neno lingine linalofanya kazi hii mbaya, na afadhali nilitaje, ijapo linastahili makala yake. Mchawi kwetu ni mulozi, na wengi ni balozi. (Msomaji aliyetoka Dar es Salaam asishtuke, hatusemi juu ya wale wa ubalozi.) Siku hizi linawekwa nyuma ya "mtoto": mutoto mulozi. Kwa mtindo hakuna ubaya, kwani Kiswahili kinaweka majina mawili pamoja na la pili linafanya kazi ya sifa: mutoto mwanamuke, bibi-arusi. Lakini tupime. Sijasikia bado mtu akisema "mutoto huyu ni mulozi kidogo." Haipimiki. Ni jina lililovaa nguo za sifa. Na ndiyo sababu mtoto anayeombewa siku tatu bila chakula, akirudi nyumbani, anarudi kama "yule aliyekuwa mulozi". Jina limebaki na yeye, limebadilika wakati tu. Katiba, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Serikali imefanya sehemu yake kwenye karatasi. Sisi wa chama cha utamaduni tunaandika kurasa juu ya uchawi wa zamani, na ndani ya kurasa hizo tunaandika "watoto walozi" bila alama yoyote ya mashaka, kama tungeandika "watoto mapacha." Tungeweza kuandika "watoto waliosingiziwa uchawi." Ni neno moja zaidi. Wino unatosha.

Wabelgiji na watu wa mjini wa wakati wao walikuwa na "basenji." Hilo nalo lilikuwa sifa kabla ya kuwa jina: tabia ya kishenzi, mtu mshenzi, halafu basenji, wote wanaokaa kijijini. Leo duniani neno hilo linajulikana kama jina la mbwa, mbwa mdogo wa Kongo asiyebweka, na wazungu wanaomfuga hawajui wanamwita nani.

Narudi kwa makala zetu za ukarimu, kwa sababu ndizo nilizoanza nazo. Sitaki zikome. Ningependa tu mwandishi anayefuata, akishatueleza maji ya kunawa na kuku, aendelee mpaka siku ya tatu. Atueleze katika kabila lake ni kitu gani kinatolewa siku ile, na nani anakitoa, na mgeni anaitwaje toka hapo. Kila kabila lina jina la mtu huyo ambaye alifika na akabaki, nalo si lile la mgeni. Maneno hayo hayajakusanywa vya kutosha, na wazee wanaoyajua wanapungua. Aulize pia wanawake, kwa sababu wao ndio wanaohamia kwa watu. Wanaume wengi tunazeeka mahali tulipozaliwa na tunadhani tunajua ugeni.

Na akitaka mfano wa kuanzia, aende sokoni. Ulizia chakula cha kienyeji, utaonyeshwa bukari ao bugali wa muhogo na wa mahindi, maharagi, na fungu la sombe. Muhogo ulitoka Amerika. Uliletwa na mashua za Wareno katika karne ya 16. Mahindi yalitoka kule kule, na maharagi haya pia. Jaribu sasa kumwambia mama anayetwanga sombe kwamba majani yake ni ya kigeni. Atakuuliza kama una homa, tena homa kali.